Matapeli wa Hati za Nyumba: Askari na Polisi Tunahusika Vipi?

Mtu apandaye leo kutoka katikati ya Bujumbura kuelekea Gihosha, ikiwa umri wake watosha, atakumbuka siku ambazo vilima vile vilikuwa mashamba ya migomba na mihogo, na nyumba za matofali zilihesabika kwa vidole. Siku hizi mji umepanda mlima. Kutoka Mutanga Kaskazini hadi Gikungu na Muyaga, na juu zaidi mahali ambapo watu bado husema "Gihosha ya shambani", mchanga, mawe na nondo vimerundikwa kando ya njia, na sauti ya nyundo haikomi hata Jumapili. Mji unapopanda, bei ya kiwanja hupanda nao. Na bei inapopanda hufuatwa na watu wa aina mbili, yaani mnunuzi mwenye haraka na tapeli mwenye subira.

Habari za watu waliouziwa nyumba zisizokuwa za muuzaji, au waliorudi safarini wakakuta viwanja vyao vina wenyewe wapya, zimekuwa za kawaida mno katika mji wetu, kiasi kwamba huzungumzwa kama vile mvua. Zawahusu raia wote. Lakini katika ukurasa huu nakusudia kuzungumza na askari wa jeshi na askari polisi, kwa sababu sisi tunakutana na balaa hili kwa njia mbili: wengi wetu ni miongoni mwa wanaoibiwa, na sisi ndio tunaoitwa mlangoni ugomvi unapowaka.

Tuanze na wanaoibiwa. Tangu Desemba 2007 vikosi vya Burundi vilipelekwa Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na viliendelea huko hadi mwisho wa 2024, ujumbe wa ATMIS ulipofikia kikomo. Wengine wamekwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati pamoja na Umoja wa Mataifa. Kila ajuaye maisha ya kambini ajua posho ile ilikwenda wapi. Baadhi ililipa karo, baadhi ilinunua pikipiki ya kukodisha, na sehemu kubwa ilinunua ardhi. Askari asiyekuwa na urithi mkubwa nyumbani kwao alinunua kiwanja Gihosha, Kinama, Buterere au Kanyosha, akaweka msingi, akarudi kazini, akitumaini kwamba safari ya pili italeta mabati.

Namfahamu sajini mmoja aliyefanya hivyo. Alinunua kiwanja Gihosha kutoka kwa mzee aliyekuwa mkulima pale tangu ujana wake. Waliandikiana karatasi mbele ya mkuu wa mtaa na mashahidi wanne, fedha zikahesabiwa mezani, bia zikanywewa, wakapeana mikono. Sajini akaenda safari yake. Mkewe alibaki kwao mkoani pamoja na watoto. Aliporudi baada ya mwaka na zaidi, alikuta ukuta umejengwa na mlango wa chuma umetiwa kufuli. Mzee alikuwa amefariki. Mwanawe alikuwa amekiuza kiwanja kile kile kwa mtu mwingine, na huyo mtu hakukaa na karatasi ya mkuu wa mtaa mfukoni. Alikwenda kupimiwa na kuandikishwa. Sajini alikuwa na karatasi yenye sahihi saba. Mwenzake alikuwa na hati.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo wengi wetu hatukufundishwa. Mfumo wa hati za ardhi tulionao ulizaliwa mbali, Australia ya Kusini, mwaka 1858, kwa kazi ya Robert Torrens. Wabelgiji waliuingiza Congo, nao ukafika Ruanda-Urundi. Msingi wake ni kwamba daftari la serikali ndilo linalosema nani mwenye mali. Makubaliano ya watu wawili, hata yakiwa ya kweli na ya haki, hayahamishi ardhi iliyokwisha andikishwa mpaka mwandishi wa hati aandike jina jipya katika daftari. Kanuni ya Ardhi ya mwaka 1986, na ile iliyoichukua nafasi yake tarehe 9 Agosti 2011, zote zimejengwa juu ya msingi huo. Ile ya 2011 iliongeza jambo jema: ofisi za ardhi za komini, zitoazo cheti cha ardhi kwa wasio na uwezo wa kufuata njia ndefu ya hati kamili. Hata hivyo sehemu kubwa ya ardhi ya nchi hii bado hairithiwi wala kuuzwa kwa hati, bali kwa kumbukumbu za majirani.

Basi Gihosha ni mahali ambapo mifumo miwili inagusana. Chini, katika mitaa iliyopimwa zamani, hati ndiyo mfalme. Juu kilimani, kumbukumbu ya jirani ndiyo bado inayotawala. Tapeli apenda sana mahali pa namna hiyo, kwa kuwa aweza kununua kwa mfumo mmoja na kuuza kwa mwingine.

Mbinu zenyewe si nyingi, na yeyote aliyewahi kukaa meza ya upelelezi azijua. Kuna kuuza mara mbili, kama ilivyompata sajini wetu. Kuna mrithi mmoja kuuza mali ya ndugu sita, akidai wote wamekubali. Kuna mpangaji kujifanya mwenye nyumba, akipokea malipo ya kwanza kutoka kwa wanunuzi watatu kisha akahama usiku. Kuna kiwanja kimoja kilichogawiwa watu wawili, kila mmoja akiwa na barua yenye muhuri. Hapo ndipo mtu hujiuliza mihuri ile ilitoka mkononi mwa nani, na jibu si la kupendeza. Lakini mbinu inayomlenga askari moja kwa moja ni ya wakala wa uongo. Huyo huja na karatasi isemayo kwamba koplo fulani, aliye nje ya nchi, amempa mamlaka ya kuuza. Ana nakala ya kitambulisho cha koplo. Ana nakala ya hati. Amezipata wapi? Mara nyingi kwa komisioneri, yaani dalali, ambaye koplo mwenyewe alimpa nakala hizo miaka miwili nyuma alipokuwa akitafuta mpangaji.

Wako wasemao kwamba haya ni maradhi ya nchi maskini zisizo na kompyuta. Si kweli. Mwezi wa Agosti 2021, katika mji wa Luton nchini Uingereza, mtu mmoja aliyekuwa mbali kikazi alipigiwa simu na majirani wakimwambia taa zinawaka nyumbani kwake na kuna watu ndani. Alipofika, ufunguo wake haukufungua mlango. Ndani alimkuta fundi akifanya kazi, na samani zake zote zimetoweka. Nyumba ilikuwa imeuzwa kwa pauni 131,000 na mtu aliyejifanya yeye, kwa leseni ya udereva ya bandia na akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa jina lake. Nchi ile ina daftari la ardhi lililomo katika kompyuta, mawakili wenye bima, na benki zenye kila aina ya uhakiki. Tapeli alipita katikati yao wote.

Lakini kilichonishtua zaidi katika kisa kile ni jambo la kipolisi. Mwenye nyumba alipowaita polisi, jibu la kwanza alilopewa lilikuwa kwamba hakuna udanganyifu hapo, maana daftari laonyesha mwenye mali mpya. Aende kwa wakili wake. Ni baada ya waandishi wa habari kuingilia kati ndipo uchunguzi wa jinai ulipoanza.

Ndugu zangu wa polisi, jibu hilo si geni masikioni mwetu. Mwananchi hufika kituoni na bahasha ya karatasi, afisa azifungua mbili tatu, kisha asema: "Haya ni mambo ya madai, nenda mahakamani." Pengine ni kweli. Watu wawili wanaogombea mpaka wa mita moja wana kesi ya madai. Lakini mtu auzaye mali isiyohamishika akijua si yake ametenda jinai, na Kanuni yetu ya Adhabu inalitaja kosa hilo kwa jina lake, kando ya wizi wa kawaida. Anayeghushi sahihi, muhuri au kitambulisho ametenda jinai nyingine. Kesi ya madai yaweza kwenda sambamba, lakini haiifuti hiyo ya jinai. Na siku za mwanzo ndizo zenye thamani: fedha bado ziko benki, simu ya komisioneri bado inapokelewa, na mnunuzi wa pili bado hajamwuzia wa tatu. Afisa anayemrudisha mlalamikaji nyumbani amempa tapeli wiki moja ya kutembea.

Majirani zetu wamelipa gharama kubwa kujifunza. Katika Congo, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inampa nguvu kubwa mwenye cheti cha uandikishaji. Aliyedhulumiwa kwa cheti kilichotolewa kimakosa au kwa hila ana miaka miwili tu ya kwenda mahakamani kudai kifutwe. Mwenye nyumba wa Goma au Bukavu aliyetawanywa na vita kwa muda huo hurudi akakuta mlango wa mahakama nao umefungwa. Ni mfumo unaopenda utulivu wa daftari kuliko haki ya mtu aliye mbali. Wenye benki huusifu. Mimi, niliyewaona askari wakipanda ndege wasijue watarudi lini, nauona ni mkali mno.

Kenya imechagua njia nyingine. Sheria yake ya Uandikishaji wa Ardhi ya mwaka 2012 inakubali hati ivunjwe ikithibitika kwamba ilipatikana kwa hila, kinyume cha sheria au kwa rushwa. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya kiwanja cha pwani cha Nyali, Mombasa, kilichokuwa kimepita mikono kadhaa tangu kigawiwe mwaka 1989. Kampuni iliyokinunua ilijitetea kwamba haikujua lolote. Mahakama ikasema kwamba ugawaji wa kwanza ukiwa batili, hati zote zilizozaliwa baada yake hazina pa kusimama. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo mahakama hiyo hiyo iliamua kesi nyingine inayomgusa mwanajeshi yeyote: kampuni ilikuwa ikidai ardhi ya Embakasi, Nairobi, iliyokuwa mikononi mwa jeshi, kwa kutegemea barua ya kugawiwa ambayo mwenye kupewa aliiuza. Mahakama ilisema barua ya kugawiwa ni ahadi tu, si hati, wala haiwezi kumpa mtu mwingine mali. Jeshi likabaki mahali pake.

Hukumu za Kenya hazizifungi mahakama zetu. Lakini askari wa Bujumbura aliyeuziwa kiwanja kwa barua ya ugawaji peke yake, naye akaiweka sandukuni akidhani ni hati, yafaa azisikie. Na Kenya yenyewe haikutulia kwa hukumu hizo. Mwezi wa Oktoba 2023 mamia ya familia za Athi River walishuhudia nyumba zao zikibomolewa kwa mashine, kwa kuwa mahakama ilikwisha amua kwamba ardhi ile ilikuwa mali ya kiwanda cha saruji. Wengi wao walinunua, walilipa, walikuwa na stakabadhi. Aliyewauzia hakuwapo siku ya kubomolewa.

Kwetu Burundi kuna jambo la ziada ambalo mgeni halioni upesi. Baada ya matukio ya 1972, na tena baada ya 1993, watu wengi walikimbia wakaacha nyumba na mashamba, na wengine wakaingia humo. Baadhi kwa kupewa na wakuu wa wakati ule, baadhi kwa kununua kwa nia njema. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliweka suala hilo mezani. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo, maarufu kwa herufi zake za Kifaransa CNTB, na mwaka 2014 mahakama maalumu ya ardhi ikaongezwa juu yake. Tume ilifanya kazi hadi muda wake ulipokwisha mwaka 2022. Yapo maamuzi yaliyowarudishia watu walichonyang'anywa, na yapo yaliyoleta machozi mapya. Mwezi wa Mei 2013 huko Ngagara polisi walipotumwa kuitoa familia moja katika nyumba iliyoamuliwa irudishwe kwa mwenyewe wa zamani, wakazi waliwapinga barabarani, na siku ile ikawa ya moshi na mawe. Polisi waliokuwa pale hawakuwa wameandika hukumu. Ndio walioisimamia kwa miili yao.

Tapeli ameyatazama hayo yote, akajifunza. Hujitokeza na kudai ni mwana wa aliyekimbia, akiwa na ukoo wa kubuni na mashahidi wa kukodi. Au humuuzia mnunuzi asiyejua nyumba ambayo kesi yake bado iko mahakamani, kwa bei ya chini kidogo, akisema ana haraka ya kusafiri. Uchungu wa kweli wa watu wengine umekuwa vazi lake. Ndiyo maana mnunuzi wa nyumba ya zamani Bujumbura hana budi kuuliza nani aliishi humo kabla ya huyu amwuziaye, na kabla ya huyo pia. Swali hilo huonekana la utovu wa adabu. Liulizwe hata hivyo.

Gihosha ina shida nyingine tena, ya maji. Mto Ntahangwa unakula kingo zake kila masika, na nyumba zilizokuwa mbali na korongo miaka ishirini iliyopita sasa zaning'inia. Jiwe la mpaka likianguka korongoni, jirani mbaya hupata nafasi. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maporomoko ya maji yalishuka kutoka vilimani yakapiga Gatunguru, Kamenge, Kinama na kwingineko, yakaua watu zaidi ya 60 na kubomoa nyumba nyingi mno. Pamoja na vitanda na masufuria, karatasi zilikwenda. Aliyekuwa na hati iliyoandikwa daftarini aliweza kuomba nakala nyingine. Aliyekuwa na karatasi ya mkuu wa mtaa tu, na mashahidi wake wamehama au wamekufa, alibaki na maneno yake. Sisi maafisa tulifundishwa topografia katika shule ya kadeti, twaweza kuchukua mwelekeo wa jiwe na kulirudisha kwenye ramani kwa kosa la mita chache. Lakini jiwe ambalo halikuwahi kutiwa katika kadastre haliwezi kurudishwa na dira ya mtu yeyote.

Sasa askari aliye na kiwanja afanye nini? Kabla ya kununua, aende mwenyewe kwenye ofisi ya hati za ardhi, au amtume wakili anayemwamini, na aulize namba ya hati ile iko kwa jina la nani, ina rehani, ina zuio la mahakama? Kuitazama hati mkononi mwa muuzaji hakutoshi, maana karatasi yaweza kuwa nzuri kuliko ile ya kweli. Mpima ardhi aonyeshe kama namba hiyo ndiyo kiwanja hiki kweli na si cha mtaa wa pili. Udanganyifu wa kumwonyesha mtu kiwanja kizuri na kumwandikia kibovu umewapata hata wasomi. Azungumze na majirani wa pande zote na watu wa nyumba kumi, na asiende na komisioneri siku hiyo. Kama mali ni ya urithi, warithi wote wasaini, pamoja na yule dada aliyeolewa Tanzania ambaye muuzaji asema "hana neno". Fedha zipite benki. Kisha, na hapa ndipo sajini wetu alipojikwaa, uandikishaji ufuate mara moja, si baada ya safari. Gharama yake ni kubwa kwa mshahara wa askari, sikatai. Lakini afadhali kununua kiwanja kidogo chenye hati kuliko kikubwa cha karatasi.

Kwa anayesafiri, hati halisi isibaki kwa dalali wala kwa rafiki wa kambini. Kama amewahi kumpa mtu mamlaka ya kuuza au kupangisha, na kazi ile imekwisha, ayafute kwa maandishi mbele ya mthibitishaji wa mikataba, na ofisi ya hati ipewe nakala. Mkewe ajue namba ya hati na mahali ilipo. Yako mambo ambayo askari humficha mkewe, na sitaki kuingilia nyumba za watu. Lakini kiwanja kinachojulikana na mume peke yake hakina mlinzi mume akiwa Bangui. Jirani mmoja awe na namba ya simu ya kumpigia siku atakapoona mchanga umemwagwa. Kule Luton, majirani ndio waliogundua wizi kabla ya daftari na kabla ya polisi.

Limebaki jambo ambalo wenzangu kadhaa walinishauri nisiliandike. Katika ugomvi wa viwanja hutokea mtu mwenye sare, au mwenye kitambulisho cha kijeshi chini ya koti, akisimama langoni huku mafundi wakijenga ukuta kwa haraka usiku. Hakutumwa na mkuu wake. Ametumwa na mnunuzi, kwa bahasha. Mwananchi akiona sare hunyamaza, na ukuta ukisha kusimama, kuubomoa huhitaji miaka mahakamani. Askari huyo huenda hajui nani mwenye haki katika kiwanja kile, na mara nyingi hataki kujua. Lakini sare aliyoivaa ni ile ile anayoivaa sajini aliyeibiwa. Wakuu wa vikosi wanazo taratibu za nidhamu za kutosha kwa mambo hayo, zitumike.

Kwa upande wa polisi kuna kipimo chepesi. Mtu akija kituoni kuomba askari wawili wa "kumsindikiza" nyumbani kwake kuwatoa watu, aulizwe hukumu iko wapi, imekuwa ya mwisho au imekatiwa rufaa, na yuko wapi afisa wa mahakama mwenye kazi ya kuitekeleza. Asomewe namba ya kiwanja iliyo katika hukumu na ilinganishwe na lango watakalogonga. Mtu mwenye hukumu halali hachukizwi na maswali hayo. Mwingine hukumbuka ghafla kwamba ameacha karatasi nyumbani, akaondoka, asirudi.

Sajini niliyemtaja bado anahudhuria mahakamani. Mashahidi wawili kati ya wanne amewapata. Mmoja yuko Rumonge, mwingine yuko hapa hapa Gihosha na bado amkumbuka mzee akihesabu fedha mezani. Mtoto wa mzee ameitwa na upande wa mashtaka. Mnunuzi wa pili naye asema hakujua, na huenda asema kweli. Kesi imeahirishwa hadi baada ya mvua, ili mahakama ipande yenyewe kilimani kuyatazama mawe ya mpaka.